Laptopu ya Mtoa Mada Msafiri: Wepesi Kwanza au Ukamilifu Kwanza?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu ambaye kazi yake ni kusafiri na kutoa mada, leo Morogoro, wiki ijayo Kigoma, mwezi ujao Bujumbura, anunuliwe laptopu ya namna gani? Hoja hii huzuka ofisini kila bajeti inapopita, na mara nyingi huamuliwa vibaya kwa sababu anayetia sahihi hati ya manunuzi siye atakayesimama mbele za watu. Gharama ya uamuzi huo humwangukia mtu mwingine kabisa: mwalimu aliyeacha darasa, muuguzi aliyebadilishana zamu, mkulima aliyetoka kijijini alfajiri. Hao ndio hukaa nusu saa wakitazama ukuta mtupu huku mtoa mada akihangaika na waya. Muda wao una thamani, na kwa ajili yao jambo hili linastahili kujadiliwa kwa makini.

Nimezikutanisha hapa sauti nne. Sikuzipa majina kwa kuwa kila moja inasema kwa niaba ya wengi. MKUFUNZI ni mama anayezunguka mikoani kufundisha wahudumu wa afya. FUNDI anatengeneza kompyuta Kariakoo. MHASIBU ni mzee anayeshika fungu la ofisi. AFISA UGANI ni kijana anayefundisha wakulima vijijini. Mwandishi nitauliza panapohitaji kuulizwa, na mwisho nitatoa uamuzi.

Uzito wa begi

MKUFUNZI: Nianze mimi, maana begi nabeba mimi. Natoka nyumbani kwa bodaboda, napanda basi, nashuka stendi usiku, asubuhi natembea hadi ukumbini. Begani kuna laptopu, chaja, daftari, fomu za mahudhurio na nguo za siku kadhaa. Laptopu ya kawaida ya inchi 15 ina kilo mbili au karibu na hapo, na chaja yake juu. Zile nyembamba za inchi 13, kama MacBook Air, zina kilo moja na robo hivi. Tofauti hiyo ukiibeba siku nzima unaijua. Na ndege ndogo zinazoruka kwenda viwanja vya mbugani zinakupa kilo 15 za mzigo wako wote, begi la mkononi likiwemo. Msimamo wangu: mashine nyepesi kuliko zote ambayo fungu linaiweza.

FUNDI: Mama, sina ugomvi na bega lako. Ila wepesi una mahali ulipotokea. Kampuni ikitaka mashine iwe nyembamba, kitu cha kwanza kuondolewa ni matundu ya pembeni. MacBook Air uliyoitaja ina USB-C mbili. HDMI haina, USB ya kawaida ya kuchomekea flashi haina. Kwa hiyo unanunua na adapta. Adapta haina uzito wa kukuumiza, lakini ni kitu kidogo, kinasahaulika ukumbini, kinaazimwa hakirudi. Siku kimekosekana, mashine yako nzuri haina njia ya kumfikia mtu aliyekaa mbele yako.

MKUFUNZI: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Fundi. Wewe unakaa dukani, mashine zinakufuata.

FUNDI: Kweli, zinanifuata. Na zinazonifuata na wenyewe wakiwa wameshika vichwa ni hizo zilizokatalia ukumbini.

MHASIBU: Mimi naona mnabishana juu ya vitu viwili vya gharama. Laptopu mpya ya bei nafuu ya inchi 15 ina HDMI, ina USB ya kawaida, ina dhamana ya mwaka na risiti ya mashine ya kodi (EFD) ambayo mkaguzi wa hesabu ataidai. Kwa nini tusinunue hiyo tukaendelea na kazi?

MKUFUNZI: Kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo, ndugu Mhasibu, na betri yake ilikuwa haimalizi somo la asubuhi.

Kutoka laptopu hadi projekta

MWANDISHI: Tukae kwanza hapa kwenye matundu, kwa kuwa ndipo semina nyingi hukwama. Fundi, mtoa mada anaweza kukutana na nini ukumbini?

FUNDI: Na vizazi vitatu vya waya kwa mpigo. VGA, lile tundu la buluu lenye pini 15, lililetwa na IBM mwaka 1987, na bado liko nyuma ya projekta nyingi za halmashauri, vyuo na shule. HDMI ilitangazwa mwaka 2002. Hiyo utaikuta kwenye televisheni na projekta za hoteli. USB-C ikaja mwaka 2014, na mashine nyembamba zikaikumbatia zikaacha vingine vyote. Kwa hiyo laptopu ya mwaka huu inaweza kukutana na projekta ambayo mtindo wa waya wake umezaliwa kabla ya mtoa mada mwenyewe.

AFISA UGANI: Si ndiyo maana kuna adapta, Fundi? Ananunua moja, mambo yanakwisha.

FUNDI: Sikiliza, mdogo wangu. HDMI hupeleka picha kidijitali, VGA ni analogi. Ndani ya adapta kuna chipu ndogo inayobadilisha, na inabadilisha upande mmoja tu. Adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA ukiigeuza kinyume haifanyi kitu. Kila wiki ananijia mtu aliyeuziwa ya upande usio wake, kwa sababu kwa macho zinafanana. Pili, VGA haibebi sauti. Kama una video, tafuta adapta yenye kitundu cha sauti pembeni, uchomeke spika. Tatu, USB-C zinatofautiana ingawa umbo ni moja. Nyingine inapitisha picha, nyingine inachaji na kuhamisha mafaili tu. Ukiona alama ya radi ya Thunderbolt au herufi za DP kando yake, picha itapita. Usipoona alama, usimwamini muuzaji. Chomeka skrini hapohapo dukani.

AFISA UGANI: Na kurusha picha bila waya? Nimeona watu wanafanya.

FUNDI: Kwenye ofisi yao wenyewe, yenye televisheni mpya, inafanya kazi vizuri. Kwenye ukumbi usioujua unakutana na projekta isiyo na uwezo huo, au mtandao wa hoteli uliofungwa. Ukiipata, itumie. Usiitegemee.

MHASIBU: Hao wenye kampuni hawayajui haya?

FUNDI: Wanayajua, Mzee. Apple waliondoa HDMI kwenye MacBook Pro mwaka 2016. Mwaka 2021 wakairudisha. Kampuni tajiri kama ile ilikubali kwamba watu wanaofanya kazi kwa mashine zao wanataka kuchomeka waya waliopewa na mwenyeji, basi.

MKUFUNZI: Nakubali hilo la tundu. Nimeona wenzangu wakiaibika. Lakini niambieni: je, hakuna mashine nyepesi yenye HDMI yake? Au mnanirudisha kwenye lile tofali la kilo mbili?

FUNDI: Zipo, na hapo ndipo nilipokuwa nakupeleka. Kuna daraja la mashine za inchi 14 zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: ThinkPad za T, EliteBook, Latitude. Nyingi zina kati ya kilo 1.3 na 1.7, na nyingi zina HDMI, USB ya kawaida na USB-C vyote pamoja. ThinkPad X1 Carbon ina kilo moja na kidogo, na HDMI ipo palepale.

Umeme wa safarini

MKUFUNZI: Sasa tuje kwenye betri. Ukumbini umeme ukikatika, jenereta ikachelewa, mimi naendelea kufundisha kwa kusoma slaidi zangu kwenye kioo. Mashine ikizima, nimebaki na kichwa changu tu. Saa ngapi zinatosha?

FUNDI: Usiulize saa za kwenye tangazo. Betri hupimwa kwa wati-saa, na namba hiyo imeandikwa mgongoni mwake. Laptopu inayoonyesha slaidi tu hula wati kumi hivi, zaidi kidogo ukiongeza mwanga wa kioo. Betri ya wati-saa 50 itakupa saa tano. Ikichakaa ikabaki 30, una saa tatu. Mimi nataka mkufunzi awe na tano za kweli, ili somo la asubuhi na la mchana vipite hata bila soketi.

MHASIBU: Tukinunua yenye betri kubwa zaidi si bora?

FUNDI: Kuna kikomo, Mzee. Kanuni za ndege zinaruhusu betri ya hadi wati-saa 100 bila maswali. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Ndiyo sababu hata laptopu kubwa kabisa huishia karibu na 100. Pawabenki nayo inahesabika hivyohivyo: ya mAh 20,000 ni wati-saa 74 hivi, na hukaa kwenye begi la mkononi. Ukiiweka kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege, watakuita ulifungue.

MKUFUNZI: Na chaja? Niliwahi kukwama Kibondo kwa chaja iliyokatika waya. Duka zima hakuna yenye pini kama yangu.

FUNDI: Hapo ndipo USB-C inapolipa. Mashine inayochajiwa kwa USB-C utaiokoa kwa chaja ya mwenzako hata kama laptopu yake ni ya kampuni nyingine. Chaja moja ya wati 65 inachaji laptopu na simu, na ni ndogo. Zile za pini ya duara kila kampuni ina yake. Mimi leo simshauri msafiri anunue mashine isiyochajiwa kwa USB-C.

MKUFUNZI: Na nikivuka mpaka?

FUNDI: Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chaja. Ikiandika 100–240V, 50–60Hz, umeme wa nchi yoyote ya kwetu inaubeba. Kinachobadilika ni umbo la plagi. Tanzania, Kenya na Uganda tuna pini tatu bapa. Ukifika Rwanda, Burundi au Kongo utakutana na mbili za duara. Plagi ya kubadilishia hununuliwa kwa bei ndogo, lakini inunue kabla hujavuka, maana utaihitaji usiku uleule unaofika.

Je, laptopu inahitajika kweli?

AFISA UGANI: Wazee wangu, mmeongea kana kwamba kila mada ni ya ukumbini. Mimi nafundisha kuhusu viwavijeshi vamizi. Darasa langu ni chini ya mwembe, saa nne asubuhi, jua limewaka. Hakuna projekta ya bei ya kawaida itakayoonyesha picha pale. Nina picha zilizochapwa kwenye bango la turubai, nalifunga kamba kati ya miti miwili. Mkulima anasogea, anaangalia alama ya Y iliyopinduliwa kichwani mwa kiwavi, anaifananisha na kiwavi alichokitoa shambani kwake. Nikihitaji video, nina simu. Laptopu ingenisaidia nini?

MKUFUNZI: Pale mwembeni, mwanangu, hakuna. Umesema kweli, na wakufunzi wengi wangekufuata wangefundisha vizuri zaidi. Lakini jioni unaandika taarifa kwa kutumia nini? Mimi usiku narekebisha slaidi kufuatana na maswali ya siku, naingiza majina ya washiriki kwenye jedwali, natuma hesabu za posho. Kwa kidole kwenye simu kazi hiyo haikamiliki.

AFISA UGANI: Kuna simu zinazochomekwa projekta moja kwa moja.

FUNDI: Zipo, na nyingi ni za bei kubwa. Simu za bei ya kati, ingawa zina USB-C, mara nyingi hazipitishi picha kwenye waya. Jaribu kabla hujaahidi watu.

MHASIBU: Hoja ya kijana nimeipenda kwa sababu nyingine. Bango halina betri. Ofisi ingetenga kiasi cha mabango katika kila safari ya kijijini, tungeacha kupeleka projekta mahali zisipoonekana.

Mpya au mtumba

MWANDISHI: Mzee Mhasibu, turudi kwenye fungu. Ulisema mpya ya bei nafuu. Fundi anataja mashine za maofisi ambazo mpya ni ghali. Mnakutana wapi?

FUNDI: Kwenye mtumba. Makampuni ya Ulaya na kwingineko hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache. Nyingi hupitia Dubai zikaja Kariakoo au Luthuli kule Nairobi. Ni mashine zilizojengwa kufunguliwa na kufunguliwa tena. Zile mpya za bei nafuu hufungwa bawaba kwenye plastiki. Ukizifungua na kuzifunga kila siku safarini, plastiki inapasuka, kioo kinaning'inia. Ninazirekebisha kila siku.

MHASIBU: Mtumba hauna dhamana, na mara nyingi hauna risiti. Na cha rahisi huja kuwa ghali. Nani atajibu betri ikifa mwezi wa pili?

FUNDI: Nunua kwa duka lililosajiliwa, likupe risiti ya EFD na miezi kadhaa ya dhamana ya maandishi, yapo. Halafu usiinunue kwa macho. Ikiwa ni ya Windows, fungua dirisha la amri, andika *powercfg /batteryreport*, bonyeza kitufe cha kuingiza. Mashine itatengeneza taarifa ya betri. Tafuta namba mbili: uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo ilionao leo. Ikiwa ya leo ni chini ya robo tatu ya ile ya kwanza, muuzaji aweke betri nyingine au apunguze bei.

MHASIBU: Endelea.

FUNDI: Soma jina la prosesa. Kwenye Intel za zamani kidogo tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: i5-7300U ni ya kizazi cha saba, i5-8250U ni ya cha nane. Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane au cha baadaye pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha saba itauzwa kwa bei tamu, nawe utakuwa umenunua mwisho wa safari. Hakikisha diski ni SSD, maana diski ya kuzunguka haipendi barabara ya vumbi. Chomeka skrini kwenye kila tundu la picha. Andika maneno yanayopita kila herufi ya kibodi. Izime uiwashe: isikuulize nenosiri la mtu usiyemjua.

MKUFUNZI: Ungeninunulia ipi, kwa jina?

FUNDI: Fungu likiwa dogo, ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina HDMI, USB-C ya kuchajia na tundu la waya wa mtandao. Betri zake ni mbili, moja ndani na nyingine nyuma. Ya nyuma ikiisha unaichomoa unaweka nyingine huku mashine inawaka na slaidi haijatoka ukutani. Uzito ni kilo 1.6 hivi. Fungu likiruhusu, X1 Carbon ya kizazi kipya kidogo.

MHASIBU: Nina neno moja ambalo hamjaligusa. Mama Mkufunzi anabeba majina, namba za simu na pengine taarifa za afya za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yao ya 2019. Laptopu ikiibwa stendi, hasara ya mashine ni ndogo kuliko ya taarifa. Sitatia sahihi ya mashine ambayo diski yake haikufungwa kwa nenosiri.

FUNDI: Haki yako, Mzee. Windows ya toleo la Pro ina BitLocker, Mac ina FileVault. Vinawashwa mara moja tu, na mwizi anabaki na chuma.

Uamuzi

Nimewasikiliza wote, na hukumu yangu haigawanyiki. Wepesi ni haki ya msafiri: mashine ya kilo mbili na zaidi asipewe mtu anayepanda mabasi. Lakini wepesi uliopatikana kwa kuondoa tundu la picha haukupunguza mzigo. Uliutoa begani kwa mtoa mada ukauweka kwa washiriki, ambao hawakushauriwa na hawana la kufanya ila kusubiri. Kwa hiyo tundu linatangulia uzito, na betri inatangulia kasi.

Anayenunua afuate mpangilio huu. Kwanza, HDMI iliyo kwenye mashine yenyewe, pamoja na USB-C inayochaji na kupitisha picha. Pili, betri ya saa tano za kweli, iliyopimwa kwa taarifa aliyoeleza Fundi. Tatu, uzito usiozidi kilo 1.6 na kioo cha inchi 14, kisichong'aa kama maji. Nne, SSD na RAM ya GB 8 au, ikiwezekana, 16. Prosesa ije mwisho. Slaidi, jedwali na barua pepe hazihitaji injini ya michezo, na fedha inayookolewa hapo itoshe kununua chaja ya pili. Mtumba wa daraja la ofisi, uliokaguliwa, unashinda mpya dhaifu. Na penye mwembe na jua, bango la Afisa Ugani linashinda mashine zote.

Mtoa mada naye ana wajibu wake. Adapta ya HDMI kwenda VGA ifungwe kwa kamba ndani ya begi na isiazimwe. Nakala ya mada ikae kwenye flashi kwa PDF, ili herufi zisiharibike kwenye kompyuta ya mwenyeji. Projekta za zamani zina umbo la 4:3, na slaidi pana zikifika pale maandishi hupungua; yaandikwe makubwa tangu mwanzo. Ukumbini afike kabla ya washiriki, achomeke waya, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, achague picha ionekane kotekote, kisha aende akae kiti cha nyuma kabisa aone kama anasoma.

Kwenu mnaotia sahihi za manunuzi, ombi langu ni moja. Kabla ya kulipa, mpeni mtu atakayeitumia mashine hiyo, aipeleke kwenye projekta kongwe kuliko zote mlizonazo ofisini. Ikiwaka pale bila kuazima kitu, lipeni. Isipowaka, irudisheni dukani, hata kama ni nyembamba, nzuri na ya jina kubwa.